Nunua kilo, usinunue sura: ushauri kwa anayetafuta pikapu ya mizigo



Mavuno yakishauzwa na fedha ikiwa bado mkononi, swali linalonifikia mara nyingi si la mbegu wala la dawa. Ni hili: "Afisa, ninunue gari gani?" Anayeuliza huwa tayari ana picha kichwani. Anataka pikapu ya milango minne, nyeupe, yenye tairi nene na bomba la hewa lililopanda juu, ile ambayo ikiegeshwa gulioni kila mtu anageuka. Mimi humrudishia swali moja tu: "Unabeba kilo ngapi?" Hapo mazungumzo husimama. Wengi hujibu kwa magunia, wengine kwa matenga, wengine kwa "tripu". Anayejibu kwa kilo ni mmoja kati ya wengi.

Msimamo wangu ni huu, na nitautetea hadi mwisho wa makala: gari la mizigo linunuliwe kwa kilo. Injini, rangi, jina na heshima vifuate baadaye. Anayeanza na sura huishia na gari ambalo kila safari linabeba zaidi ya lilivyoundwa kubeba, na ndani ya misimu miwili faida ya shamba inahamia kwa fundi. Wengi wetu tunanunua kwa mkopo, na dhamana ni shamba lenyewe. Kwa hiyo hapa hatuzungumzii starehe. Tunazungumzia ardhi ya familia.

Namba mbili za kuzijua kabla ya bei

Kila gari lina namba mbili za uzito. Ya kwanza ni uzito wa gari likiwa tupu. Ya pili ni uzito wa jumla unaoruhusiwa, yaani gari, mzigo, watu na mafuta vikiwa pamoja. Toa ya kwanza kwenye ya pili, kinachobaki ndicho uwezo wa gari kubeba. Hakuna ujanja mwingine.

Namba hizi utazipata wapi? Kwa Tanzania, anza na kadi ya gari. Tafuta mstari ulioandikwa Tare Weight, huo ndio uzito wa gari tupu, na ulioandikwa Gross Weight, huo ndio uzito wa jumla. Pili, tazama kibati kilichopigwa kwenye fremu ya mlango wa dereva au ndani ya boneti. Tatu, kama gari limetoka Japani, zunguka nyuma. Magari ya mizigo ya kule hubandikwa kwenye mlango wa bodi maandishi ya Kijapani yanayoishia na namba na herufi kg. Kama imeandikwa 350kg, 750kg au 2000kg, huo ndio mzigo wa juu kabisa ambao gari lile liliruhusiwa kubeba kwao. Wengi wetu huyapaka rangi maandishi yale siku ya kwanza, wakati ndiyo maneno ya kweli kuliko yote ya dalali.

Angalia tofauti moja hapo. Wajapani watu huwahesabu kando, kila mmoja kwa kilo 55, ndipo wanaandika mzigo. Ukipiga hesabu kwa kutumia kadi, yaani jumla kutoa tupu, watu wamo ndani ya kinachobaki. Usichanganye njia hizi mbili.

Kadi ikipingana na kibati, au namba zikionekana za kukisia, peleka gari kwenye mizani ya magari kabla hujalipa. Viwanda vingi vya kukamua alizeti, vya kuchambua pamba na wanunuzi wa vyuma chakavu wanazo. Lipime likiwa tupu na tangi limejaa. Muuzaji akikataa, basi umeshajua la kujua.

Kile kinacholiwa kabla hujapakia

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Unasikia "gari hili ni la tani moja", unaamini utabeba magunia 10 ya kilo 100. Twende kwa mfano.

Kadi inasema jumla kilo 2,800, tupu kilo 1,700. Uwezo ni kilo 1,100. Vizuri. Sasa unampelekea fundi akuchomelee keji ya chuma pembeni, na sakafu ya mbao, na turubai juu. Hiyo haraka haraka ni kilo 140. Dereva, utingo na wewe mwenyewe, kilo 210. Tairi la pili la akiba, jeki, kamba, nyundo na vipuri vya njiani, kilo 40. Dizeli lita 70 ni karibu kilo 60, na kama kadi haikuhesabu tangi lililojaa, iweke. Jumla ni kilo 450.

Zimebaki kilo 650. Hayo ni magunia 6 ya kilo 100, na kilo 50 za ziada. Au ni mifuko 13 ya mbolea. Gari la "tani moja" limebaki na nusu tani na kidogo, na hujaondoka nyumbani.

Somo hili si letu peke yetu. Marekani kuna watu wanaopenda kupandisha kijumba cha kulala juu ya pikapu zao, chenye kitanda, jiko na tangi la maji, kisha wanatembea nacho nchi nzima. Pikapu zao ni kubwa kuliko zetu, na bado wanashikwa na jambo hilohilo. Uzito wa kijumba kwenye karatasi ya mauzo ni wa kijumba kitupu. Ukijaza maji, gesi, betri, vyombo na watu, mamia ya kilo yameongezeka. Kule gari huwa na kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinachosema watu na mizigo kwa pamoja wasizidi kilo kadhaa. Anayenunua kijumba kabla ya kusoma kibandiko hurudi dukani kutafuta gari jingine.

Hapa kwetu kijumba chetu ni keji, ni sanduku la kuuzia nguo gulioni, ni sanduku la baridi la samaki, ni tanki la maziwa. Kila unachofunga juu ya gari ni mzigo wa kudumu. Unaulipia mafuta unapokwenda umejaa na unaporudi mtupu. Kwa hiyo mwambie fundi akupe uzito wa keji kabla hajaanza kuchoma, au pima vyuma vyenyewe. Bomba jembamba lililopangwa vizuri linashika mzigo kama lile nene, na linakuachia gunia zima la nafasi.

Bodi kujaa si kipimo

Macho yanadanganya. Chukua bodi ya pikapu ya milango miwili, urefu mita 2.3, upana mita 1.5, kina nusu mita. Ijaze usawa wa mbao, bila kilima juu. Ukijaza mahindi makavu yaliyopukuchuliwa, umepakia zaidi ya kilo 1,200. Ukijaza maji, ni zaidi ya kilo 1,700. Ukijaza mchanga, unakaribia kilo 2,800. Bodi ni ileile, na imejaa vilevile.

Ndiyo maana mtu anayebeba kabichi na anayebeba viazi hawawezi kushauriana kuhusu gari kwa kutazama kimo cha mzigo. Kabichi hujaza nafasi kabla ya kujaza uzito. Viazi, mbolea, saruji na maziwa hujaza uzito wakati bodi bado inaonekana tupu. Wa maziwa awe makini zaidi: lita moja ya maziwa ni zaidi kidogo ya kilo moja, kwa hiyo tanki la lita 1,000 likijaa tayari limepita tani kabla hujahesabu tanki lenyewe. Likiwa nusu, maziwa yanakimbia upande mmoja kwenye kona na kulivuta gari. Kwa pikapu, madumu mengi yaliyofungwa vizuri ni salama kuliko tanki moja kubwa.

Hapa lazima niseme neno kuhusu lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Tunalalamika, na ni haki yetu, kwamba lumbesa inamwibia mkulima. Lakini inaliibia pia gari. Mwenye pikapu anahesabu "magunia 6", kumbe kila moja lina kilo 130. Amepakia kilo 780 akidhani ni 600. Anayekataa lumbesa shambani anaokoa bei yake, na anaokoa springi zake pia.

Kuvuta ni kitu kimoja, kubeba ni kingine

Matangazo ya pikapu mpya hupenda kutaja tani 3 na nusu. Soma vizuri. Mara nyingi huo ni uzito wa tela lenye breki zake ambalo gari linaweza kulivuta. Mgongoni, pikapu nyingi za Hilux au D-Max ziko karibu na tani 1, na za milango minne mara nyingi hupungua chini ya hapo, kwa sababu kebini ndefu yenyewe ni uzito. Hata Land Cruiser ya mkonga, gari ninaloliheshimu kwa barabara mbaya, lenyewe lina zaidi ya tani 2, na mgongoni linakupa tani moja na kidogo. Ukilinunua, umelipia ugumu wake na uwezo wa kupita tope. Hukulipia tani tatu za viazi.

Nguvu ya injini nayo haipandishi uwezo wa kubeba. Injini inakuonyesha kama utapanda mlima. Kinachoamua kama utashuka salama ni breki, tairi, ekseli na chesisi.

Mlima wetu unasema ukweli

Kwa sisi wa Usambara, jambo hili halihitaji darasa. Kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo ni kama kilomita 33, na katika hizo unashuka takribani mita 1,000 kwa kona baada ya kona. Karoti, kabichi, viazi na peasi zote zinapita hapo kwenda Tanga na Dar es Salaam. Kila kilo uliyopakia kule juu, breki zako zinalazimika kuishusha hadi chini, na kazi hiyo yote hugeuka joto.

Rudi kwenye mfano wetu. Gari la jumla ya kilo 2,800 limepakiwa magunia 12 ya lumbesa ya kilo 130. Hiyo ni kilo 1,560 mahali pa 650. Sasa gari lina kilo 3,710. Breki zilizoundwa kwa 2,800 zinashusha theluthi moja ya ziada. Dereva anasikia harufu ya kuungua karibu na Soni, anakanyaga, pedali inalainika, anakanyaga tena. Hakuna haja ya kukuambia mengine.

Utasema, "Mbona fulani anapakia hivyo miaka yote na anafika?" Ni kweli anafika. Muulize amebadili bushi, springi, klachi na tairi mara ngapi. Muulize gari linakaa gereji siku ngapi kwa mwezi, na siku hizo mzigo wa wateja wake unaoza kwa nani. Halafu muulize swali la mwisho: akigonga mtu, bima yake inasemaje kuhusu mzigo uliozidi? Chukua mkataba wako wa bima, usome kipengele hicho leo, ukiwa umekaa nyumbani kwa utulivu. Kulipa bima mwaka mzima kisha kukataliwa siku ya shida ni hasara ya mara mbili.

Kuongeza springi si kuongeza uwezo

Dawa ya kienyeji tunaijua. Gari likikaa chini nyuma, fundi anaongeza majani ya springi. Gari linanyanyuka, linaonekana limepona. Kilichobadilika ni kimo tu. Ekseli ni ileile, beringi ni zilezile, breki ni zilezile, chesisi ni ileile. Tena springi ngumu hupeleka kila pigo la shimo moja kwa moja kwenye chesisi, ndiyo maana utaona pikapu nyingi zimechomelewa nyuma ya kebini. Springi imara zina faida kwa anayebeba uzito halali kila siku kwenye barabara mbovu. Kwa anayetaka kugeuza tani moja kuwa mbili, ni kujidanganya kwa gharama.

Tairi ndilo la kutazama zaidi. Ubavuni mwa tairi, baada ya ukubwa, kuna namba inayofuatwa na herufi. Namba ile inaeleza kilo ambazo tairi moja linaweza kubeba likiwa na upepo kamili. Zishike hizi chache: 91 ni kilo 615, 100 ni kilo 800, 104 ni kilo 900, 106 ni kilo 950, na 112 ni kilo 1,120. Ukikuta mbili, kwa mfano 106/104, ya kwanza ni ya tairi moja kila upande, ya pili ni pale tairi zinapokaa mbili mbili.

Sasa ona hatari. Mtu ananunua pikapu nzuri, kisha anafunga nyuma tairi za gari dogo za mtumba zenye 91 kwa sababu ni rahisi. Mbili kwa pamoja zinabeba kilo 1,230. Nyuma ya pikapu tupu tayari kuna kama kilo 700. Zimebaki kilo 530 kwa kila kitu kitakachokalia ekseli ile. Tangu hapo gari lake si la tani moja tena, hata kadi iseme nini. Na usisahau umri: tarakimu nne ndani ya duara dogo ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka hata kama meno bado yapo.

Mahali mzigo unapokaa

Uzito uleule unaweza kuwa salama au hatari kutegemea umekaa wapi. Tuseme kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3. Ukiweka kilo 300 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli ile haibebi 300. Inabeba 400, na ya mbele inanyanyuliwa kilo 100. Usukani unakuwa mwepesi, gari linapepea, na kwenye utelezi magurudumu ya mbele hayakusikilizi.

Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kuwashauri wenye mizigo wakae mbali na dabo kebini. Bodi yake ni fupi, kama mita moja na nusu, kwa hiyo magunia yanasogea nyuma na mengine yanakaa juu ya mlango wa bodi ulioteremshwa. Ile ya milango miwili ina bodi ndefu, na unaweza kuweka vizito mbele, karibu na kebini, juu na mbele ya ekseli. Matenga mepesi yakae nyuma na juu. Watu wasikae juu ya mzigo kabisa. Ni kosa kisheria, na gari likiyumba wao ndio wa kwanza kuanguka.

Basi ninunue lipi?

Nitatoa maoni yangu, wewe pima na hali yako.

*Kirikuu.* Suzuki Carry ndogo ya cc 660 ya soko la Japani imewekewa kilo 350 na sheria ya kwao. Kwa muuza duka wa kijiji anayefuata sabuni, unga na mikate, au mwenye nyanya matenga machache, ni gari la akili: halili mafuta, vipuri vipo. Kwa magunia 8 ya viazi ni mateso kwa gari na kwa wewe. Wenye kirikuu wakibaki kwenye magunia 3, watanishukuru.

*Guta na toyo.* Kutoa mazao shambani hadi barabarani, vinatosha. Visitumwe kushuka mlima.

*Pikapu ya milango miwili.* Kwa mtu mwenye kilo 500 hadi 700 za kila siku kwenye barabara ya kijiji yenye tope, hii ndiyo chaguo langu. Namaanisha kilo 500 hadi 700 za mazao, baada ya kutoa keji na watu. Kama njia yako ni ya lami na changarawe nzuri, usilipie magurudumu manne ya kuvuta. Ni bei ya ziada, na ni uzito wa ziada unaokula mzigo wako.

*Dabo kebini.* Ni gari la familia lenye mahali pa kuweka mizigo kidogo. Hakuna ubaya kuwa nalo. Ubaya ni kuliandikia mkopo wa biashara ya viazi.

*Canter na jamaa zake.* Ukizidi tani moja ya mazao mara kwa mara, acha kuwaza pikapu. Zipo za tani 1 na nusu, 2 na 3, na nyingi zina tairi mbili mbili nyuma na breki za kazi hiyo. Ila elewa kwamba ukifikia uzito wa jumla wa tani 3 na nusu, umeingia kwenye mizani ya barabarani chini ya Sheria ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016. Huko hupimwa jumla na hupimwa kila ekseli. Unaweza kuwa chini ya jumla na bado ukatozwa faini kwa sababu umerundika nyuma.

Hesabu siku, usihesabu siku moja

Najua pingamizi lenu, na ni la haki. "Afisa, nikienda mara mbili mafuta yanakuwa mara mbili, faida iko wapi?" Tena bei ya sokoni haingoji. Anayefika Kariakoo kesho kutwa anakuta bei nyingine.

Jibu langu ni kutenganisha siku. Chukua daftari, andika mwaka wako. Labda una siku 20 za mavuno unazohitaji tani 2 kwa siku, na siku nyingine zote unahitaji kilo 400 za mbolea, pumba, bidhaa za duka na matenga machache. Wengi hununua gari dogo kwa ajili ya siku zote, kisha wanaliua katika zile siku 20. Wengine hununua kubwa kwa ajili ya siku 20, kisha linakula mafuta mwaka mzima likiwa robo tupu. Njia ya kati ni kununua gari la siku za kawaida, na kukodi Canter siku za mavuno. Gharama ya kukodi siku 20 iweke kwenye daftari upande mmoja. Upande wa pili andika springi, tairi, breki, siku za gereji na rejesho la mkopo wa gari kubwa. Mara nyingi daftari litakuamulia lenyewe.

Kama mko kikundi au chama cha msingi, jambo ni rahisi zaidi. Kumi wenye tani mbili mbili wanaweza kumiliki Canter moja yenye kazi ya kutosha, kwa zamu iliyoandikwa, pamoja na mfuko wa matengenezo ambao haukopwi. Nimeona vikundi vikivunjika kwa sababu ya gari. Chanzo kilikuwa kukosa zamu na daftari.

Siku ya kununua

Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Nenda na tochi. Fanyeni haya kwa utaratibu:

1. Someni kadi, kibati na maandishi ya nyuma. Namba zilingane.
2. Laleni chini. Tafuteni kuchomelewa kwenye chesisi, hasa nyuma ya kebini na juu ya ekseli. Rangi mpya chini ya gari kuukuu ina sababu.
3. Hesabuni majani ya springi kushoto na kulia. Yakizidi yale ya kiwandani, gari hilo limebeba kupita uwezo.
4. Someni tairi zote tano, namba ya mzigo na tarehe.
5. Jaribuni breki likiwa na mzigo halali, kwenye mteremko. Gari tupu kwenye tambarare linasimama hata likiwa bovu.
6. Toeni uzito wa keji, watu na mafuta, mwandike kilo zilizobaki kwa rangi ndani ya mlango wa dereva. Utingo na mteja wazione.

Hiyo namba ya sita ndiyo nitakayoirudia nikikutana nanyi gulioni. Mteja akisema, "Ongeza gunia moja tu, kaka," mwonyeshe mlango. Gunia moja la rafiki ni kilo 100, na breki hazijui urafiki.

Kabla ya kwenda kwa dalali wiki hii, fanya kazi moja ndogo: azima mizani, pima gunia, tenga na dumu lako la kawaida, uandike. Ukishajua kilo zako, njoo tuzungumze gari.

Kazi njema, na mshuke salama.